Kwa nini ukumbi hucheka wapendanao wanapojizuia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Katika darasa letu la uandishi wa filamu tulionyeshwa Brief Encounter, filamu ya Kiingereza ya mwaka 1945. Inawahusu mwanamke na mwanamume, kila mmoja na ndoa yake, wanaokutana kwenye stesheni ya treni, wakapendana, kisha wakaachana bila mtu yeyote kujua. Mimi nilikuwa karibu kulia. Wenzangu wengi walicheka, na waliosalia walisema wale wawili ni watu baridi, hawana mapenzi ya kweli. Mimi nami ninaandika mswada kuhusu muuguzi na fundi cherehani wanaopendana bila kuambiana, na kila aliyeusoma ananishauri niongeze machozi na maneno. Je, kicheko kile kilikuwa cha haki? Na mtu asiyeonyesha hisia zake anawezaje kumgusa mtazamaji?

Jibu: Marahaba. Nianze na kicheko, kwa kuwa ndicho kilichokuumiza, na kwa kuwa wenzako hawakuwa wa kwanza. David Lean, aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, akishughulikia filamu yake iliyofuata, alipoamua kuipeleka Brief Encounter katika ukumbi wa sinema wa mji wa Rochester kwa onyesho la majaribio, ili aone watu wa kawaida wangeipokeaje. Lean mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tukio la kwanza la mapenzi lilipofika, mwanamke mmoja wa viti vya mbele aliangua kicheko, kikawaambukiza wengine, na kuanzia hapo mapenzi ya wale wawili yakawa kichekesho cha ukumbi mzima. Alirudi hotelini amefedheheka, akiwaza jinsi ya kuingia kwa siri katika maabara ulikohifadhiwa ukanda asilia wa filamu ili auchome moto.

Hakuuchoma. Mwaka 1946 filamu hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizogawana tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Celia Johnson, aliyeigiza kama Laura, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na Lean naye akateuliwa kwa uongozaji. Mwaka 1999, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipokusanya kura za watu wa fani ili kupata filamu 100 bora za nchi hiyo katika karne ya 20, hii ilishika nafasi ya pili. Nchini Ireland, kwa upande mwingine, wakaguzi waliipiga marufuku hapo mwanzo kwa hoja kwamba ilimhurumia mno mtu anayemwendea kinyume mwenzake wa ndoa. Ninaomba ulitafakari hilo la mwisho. Mahali pamoja watu walicheka, mahali pengine wenye mamlaka waliona ndani yake moto wa kutosha kuunguza ndoa za watu, na filamu ilikuwa ileile.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba wenzako hawana akili, wala sitakubali kwamba filamu ilishindwa. Ninachokiamini, nami nimefundisha filamu za aina hii kwa muda mrefu, ni kwamba mhusika anayejizuia hamwondolei mtazamaji hisia, bali humwachia yeye kazi ya kuhisi. Mhusika anapolia, kazi hiyo ameimaliza mwenyewe, nasi tunaweza kuketi kando na kumwonea huruma. Anapokataa kulia, ilhali sisi tunajua anachokimeza, kile alichokimeza kinatukwama sisi kooni. Mtu akibebeshwa mzigo huo hadharani, gizani, katikati ya watu wengine wanaomsikia akipumua, hutafuta pa kuutua. Mmoja atalia, mwingine atachungulia simu, mwingine atacheka. Ndiyo maana sikichukulii kicheko katika matukio kama haya kuwa ushahidi kwamba hisia hazikumfikia mtu. Mara nyingi zimemfikia, naye hakuwa na mahali pa kuziweka.

Lakini sharti lote limo katika maneno yale machache: ilhali sisi tunajua. Kumbuka filamu inavyoanza. Tuko katika mkahawa wa stesheni ya Milford Junction. Kamera inamfuata mfanyakazi wa reli anayemletea utani mama wa kaunta. Mwanamke na mwanamume walioketi kwenye meza ya nyuma tunawaona kwa mbali, kama wateja wowote wale. Anaingia Dolly Messiter, mwanamke mwenye maneno mengi anayefahamiana na Laura, anajikaribisha mezani pao na kuanza kuzungumza bila kituo. Kengele inalia, treni ya yule mwanamume imefika. Anainuka, anampa Dolly mkono wa kwaheri, kisha anauweka mkono wake begani kwa Laura, anaubonyeza kidogo, anaondoka. Hakuna mtu, si pale mkahawani wala kwetu ukumbini, anayejua kwamba lolote limetokea.

Filamu inapokaribia mwisho, inaturudisha kwenye meza ileile na maneno yaleyale. Safari hii tunamjua yule mwanamume: ni daktari Alec Harvey, amekubali kazi Johannesburg, na dakika zile zilizovamiwa na Dolly ndizo walizokuwa wamebakiwa nazo maishani mwao. Sasa kamera iko karibu na Laura. Mkono uleule unatua begani, naye hana la kufanya, kwa sababu Dolly anatazama na kuendelea kuzungumza. Kilichoongezeka ni ujuzi wetu. Mkono ambao mwanzoni tuliudhania kuwa adabu ya mtu anayeaga, sasa hautazamiki bila maumivu. Filamu hii ilitokana na mchezo mfupi wa jukwaani wa Noël Coward wa mwaka 1936, uitwao Still Life, na katika mchezo huo matukio yanafuatana kwa mpangilio wa kalenda, yote yakitokea palepale mkahawani. Kuuvunja mpangilio huo, kuuleta mwisho mwanzoni na kumpa Laura sauti ya kusimulia, ni maamuzi ya filamu, na kwa maoni yangu ndiyo maamuzi yaliyoiokoa. Hadithi hii ingesimuliwa moja kwa moja, pengine hata mimi ningewaona wale wawili kuwa watu wa adabu tupu.

Sauti ya Laura inastahili kuzungumziwa kidogo, maana wanafunzi wengi huidharau wakidhani ni njia ya mkato ya mwandishi aliyeshindwa kuonyesha. Laura haongei nasi. Anaongea na mumewe Fred, aliyeketi mbele yake sebuleni akijaza fumbo la maneno la gazeti, na anaongea naye moyoni tu. Mwenyewe anatamka kwamba Fred ndiye mtu pekee mwenye busara na upole wa kumwelewa, na ndiye pekee asiyeweza kamwe kuambiwa. Kabla hajaanza kusimulia, Fred anamwomba msaada: kuna ubeti wa mshairi Keats wenye pengo la neno la herufi saba. Laura analitaja mara moja, “romance”, na Fred anafurahi kwa sababu linaingia sawasawa na maneno mengine aliyokwisha kuyajaza. Tazama tukio hilo tena ukiwa peke yako. Mwanamke amelitamka mbele ya mumewe neno ambalo limembomoa, na mumewe amelipima kwa visanduku vya gazeti. Hakuna aliyepaza sauti, wala Fred hakumkosea mtu. Yaliyomo katika hatua hiyo moja yangemchukua mwandishi wa kilio kurasa tatu kuyafikisha.

Kuhusu uso wa mhusika, huenda umesikia habari za Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi aliyefanya majaribio ya uhariri baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Vsevolod Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, ameeleza kwamba walichukua picha za karibu za mwigizaji Mozzhukhin ambazo uso wake haukuonyesha hisia yoyote mahususi, wakaziunganisha na sahani ya supu, na maiti ya mwanamke ndani ya jeneza, na mtoto wa kike anayecheza. Watazamaji wakausifu ustadi wa mwigizaji: jinsi alivyozama katika mawazo mbele ya supu, alivyohuzunika mbele ya jeneza, alivyotabasamu kidogo mbele ya mtoto. Uso ulikuwa mmoja. Maelezo hayo yanasaidia kuonyesha kwamba mtazamaji hawezi kuuacha uso mtulivu ubaki mtupu, na kwamba atajaza alichopewa na picha za jirani. Hata hivyo, yanaeleza nusu tu. Uso wa Celia Johnson si mtupu hata kidogo. Sauti yake inabaki katika kimo kimoja, mdomo wake unafanya kile kinachotakiwa na adabu, lakini macho yake makubwa hayatulii, na pengo lililopo kati ya mdomo na macho ndilo tunalolisoma filamu nzima. Kujizuia kunakotugusa huwa na ishara ya juhudi. Mwigizaji asiyefanya chochote na mwigizaji anayejitahidi kutofanya chochote ni watu wawili tofauti, na kamera huwatenganisha bila huruma.

Wale wenzako waliosema hakuna mapenzi, ninawaomba waangalie mambo mawili waliyoyapita. La kwanza ni kwamba Laura na Alec wanaambiana. Katika banda la mashua, baada ya Alec kutumbukia ziwani na kulowa, anatamka waziwazi kwamba anampenda, naye Laura hakani. Baadaye wanakwenda, kila mmoja akijua anachokiendea, katika nyumba ya daktari mwenzake Alec, na ni kurudi kwa mwenye nyumba kabla ya wakati kunakomfanya Laura atoke kwa mlango wa nyuma na kukimbia mvuani kwa aibu. Kwa hiyo hawa si watu wasiojua mapenzi. Ni watu waliochagua nani asiumizwe, na chaguo hilo linawagharimu mbele ya macho yetu. Dolly anaposogea kaunta kwa mara ya mwisho, kamera inainama upande polepole, mwanga wa mkahawa unafifia, na Laura anachomoka hadi ukingoni mwa jukwaa la stesheni. Treni ya kasi inapita; taa za madirisha yake zinampiga usoni moja baada ya nyingine na upepo unampeperusha nywele. Hapigi ukelele. Anamwambia Fred moyoni kwamba alikusudia kujitupa, akakosa ujasiri. Anayeita hilo ubaridi hakuwa akitazama.

La pili limefichika zaidi, nami nalipenda kuliko yote. Mapema katika filamu, walipokuwa bado wageni kwa wageni, Alec anamweleza Laura juu ya kazi anayoitamani, yaani kuzuia magonjwa kabla hayajamshika mtu. Anaorodhesha maradhi ya mapafu yanayoletwa na vumbi: vumbi la makaa, vumbi la chuma, vumbi la mawe katika migodi ya dhahabu. Ni majina marefu ya kitabibu, hayana uzuri wowote masikioni, na Laura anamjibu kwa maneno mafupi huku akiendelea kumtazama. Anamwambia kwamba ghafla anaonekana kijana zaidi, kama mtoto wa kiume. Hapo ndipo anapopenda, na sisi tunaona. Mazungumzo ni ya mapafu. Hakuna ua, hakuna mwezi, hakuna ahadi. Lean hakulazimisha muziki utuambie la kuhisi kila mahali, ingawa konserto ya pili ya piano ya Rachmaninoff inafanya kazi kubwa katika filamu hii. Muziki huo ndio unaosema kwa sauti yote mambo ambayo wahusika hawathubutu kuyasema, na wakati mwingine, lazima nikiri, unasema mno.

Sasa kwa nini basi mwanamke wa Rochester alicheka? Sehemu ya jibu ni matabaka. Laura na Alec wanazungumza Kiingereza cha watu wenye nafasi, kilichokatwakatwa na kusafishwa, na jirani ya Rochester palikuwa Chatham, mji wa mafundi wa meli na mabaharia. Mtu aliyezoea kuisikia lafudhi hiyo kutoka kwa wakubwa wake hawezi kuipokea kwa urahisi kama sauti ya moyo uliojeruhiwa. Leo lafudhi hiyo imezidi kuwa ya kale, na hata Waingereza wenyewe huiigiza kwa kufanya mzaha. Darasa lenu liliuona umbali huo mara mbili, wa miaka na wa lugha, na silishangai.

Sehemu nyingine ni ya filamu yenyewe, na hapa ninawalaumu walioitengeneza. Mama wa kaunta na yule mfanyakazi wa reli nao wana mapenzi yao, lakini wameandikwa kama vichekesho: wanatupiana maneno, wanabishana juu ya keki, wanataniana bila kificho. Watazamaji wamefundishwa kucheka katika mkahawa ule tangu dakika ya kwanza, kisha ghafla wanatakiwa wanyamaze kwa sababu waliokaa meza ya nyuma wanavaa vizuri zaidi. Kwamba hisia nzito zimetengewa wenye nafasi na furaha nyepesi wakaachiwa wenye kipato kidogo ni upungufu halisi wa filamu hii, na ukumbi wa Rochester ulikuwa na haki ya kuusikia. Hata hivyo, mapenzi ya kaunta yanafanya kazi moja ya maana: yanatuonyesha kwamba katika mji uleule, chini ya saa ileile ya stesheni, kuna watu wanaoweza kupendana hadharani, na hivyo ukimya wa wale wengine unaonekana kuwa kitu kinachobebwa, si hali ya hewa ya nchi nzima.

Na sehemu ya mwisho ni ukumbi wenyewe. Ukimya wa watu wengi pamoja ni mgumu kuudumisha. Akitokea mmoja akacheka, ametoa ruhusa, na wale waliokuwa wakipigana na machozi huishika ruhusa hiyo haraka kuliko wengine. Ndiyo maana ninakusihi usiihukumu filamu ya aina hii kwa onyesho moja la darasani, ambako kila mtu anamjua jirani yake na anaogopa kuonekana dhaifu mbele yake.

Mtazamaji aliyelelewa katika Kiswahili asiione hali hii kuwa ngeni kabisa. Tunao usemi usemao kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, nao umetungwa na watu walioelewa kwamba kunyamaza kunaweza kuwa tendo, tena tendo la gharama. Mwanamke anayepita mtaani na maumivu yake bila kuyatangaza hatumwiti baridi. Tunasema ana stara. Kinachotutatiza katika filamu ni kwamba tumezoeshwa na tamthilia nyingi za kisasa, za kwetu na za nje, kuipokea hisia pale tu inapopigiwa kelele, kwa kofi, kwa kuanguka chini, kwa muziki unaopanda ghafla. Masikio yakizoea sauti hiyo, sauti ya chini hayaisikii.

Lakini si kila kujizuia ni uungwana, na mswada wako utakuwa bora ukijua tofauti. Mfano wangu ni The Remains of the Day ya mwaka 1993, iliyoongozwa na James Ivory kutokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro. Anthony Hopkins anaigiza kama Stevens, mkuu wa watumishi katika nyumba ya bwana mmoja mkubwa wa Uingereza. Emma Thompson ni Bi. Kenton, msimamizi wa kazi za ndani. Laura anajua anachokihisi na anaamua kutokitenda. Stevens hajajiruhusu hata kujua. Baba yake anafariki ghorofani ilhali yeye anaendelea kuwahudumia wageni chini, na anaiita hali hiyo heshima ya kazi. Huyo anakufa na tai shingoni kila siku ya maisha yake. Katika tukio linalojulikana kuliko yote, Bi. Kenton anamkuta chumbani mwake akisoma na anataka kujua ni kitabu gani. Stevens anakikumbatia kifuani. Bi. Kenton anamsogelea hadi pembeni, anavifungua vidole vya Stevens kimoja kimoja, na kitabu kinatoka: ni hadithi ya mapenzi, basi. Stevens anasema huvisoma vitabu kama hivyo ili kuboresha lugha yake. Lakini wakati vidole vile vinafunguliwa, macho ya Stevens yameganda juu ya uso wa Bi. Kenton ulio karibu mno, na mkono wake wa pili uko hewani karibu na nywele za mwanamke huyo, haugusi. Baadaye, anapomkuta Bi. Kenton akilia, na analia kwa ajili yake yeye Stevens, Stevens anatamka kwamba mahali fulani nje ya chumba cha kifungua kinywa hapajafutwa vumbi.

Mtazamaji wa Laura huumia pamoja naye. Mtazamaji wa Stevens huumia, na pia humkasirikia, na hasira hiyo ni sehemu ya maana ya filamu. Wanafunzi huniuliza kama kumkasirikia mhusika ni dalili kwamba filamu imekosea. Hapana, hutamkasirikia mtu usiyemjali. Filamu zote mbili zinatimiza sharti lilelile, kwamba mtazamaji ajue zaidi ya wale waliomo chumbani, isipokuwa katika ya pili tunajua zaidi hata ya mhusika mwenyewe.

Iko njia ya tatu, ambayo nitaigusa tu kwa sababu inafaa sana kwa wahusika wasioambiana. Katika In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000, jirani wawili wa Hong Kong ya 1962 wanagundua kwamba mume wa mmoja na mke wa mwingine wana uhusiano. Wanaanza kuigiza pamoja jinsi mazungumzo ya wenzi wao yangekuwa, na baadaye wanafanya mazoezi hata ya kuagana kwao wenyewe. Katika mazoezi hayo mwanamke, anayeigizwa na Maggie Cheung, anaangua kilio. Hisia imepata mlango kwa sababu ilijifanya ni mchezo. Wenzi wao hatuoneshwi nyuso zao kamwe, hivyo kila jicho tulilo nalo limebaki kwa hawa wawili na kile wanachokiahirisha.

Nimekuja kwenye mswada wako. Usiongeze machozi. Wanaokushauri hivyo wameliona tatizo la kweli, ila wamekupa dawa isiyo yake: ikiwa hawakuguswa na muuguzi na fundi wako, sababu inayowezekana zaidi ni kwamba hawakuambiwa mapema vya kutosha kila mmoja anazuiwa na nini na atapoteza nini akisema. Jiulize hivi kwa kila tukio: mtazamaji anajua nini ambacho mtu wa tatu aliyemo chumbani hakijui? Kama hakuna mtu wa tatu, mlete. Dolly Messiter si pambo. Bila yeye kuaga kule kungekuwa na kumbatio na machozi, na tungekuwa tumelisahau tukio hilo kesho yake.

Fundi cherehani amekupa zawadi ambayo sijui kama umeiona. Muuguzi anahitaji sare mpya, na fundi lazima ampime. Futi ya kupimia inapita mabegani, kifuani, kiunoni, na mkono wa fundi unajitahidi kubaki kwenye futi tu. Anazitaja namba kwa sauti, na kijana anayejifunza kazi anaziandika daftarini, anakosea moja, anaomba irudiwe. Tukio zima linaweza kuwa la namba, kama vile Alec alivyotumia majina ya vumbi. Nisingeongeza hata neno moja la mapenzi hapo. Ningeliweka tukio hilo mapema, mtazamaji akiwa bado hana uhakika, kisha ningelirudia karibu na mwisho, kwa maneno yaleyale, baada ya mtazamaji kuambiwa kwamba sare hiyo ni ya kusafiria.

Chunga jambo moja zaidi. Waandishi wengi wachanga humfanya mhusika awe mkimya kwa sababu wao wenyewe hawajaamua anahisi nini, na ukimya wa namna hiyo haumdanganyi mtazamaji hata dakika tano. Kwa kila tukio, andika pembeni, mahali ambapo hapatapigwa picha, yale ambayo muuguzi angeyasema kama angeweza. Yaandike yote, kwa lugha yake, bila haya. Kisha yaondoe na uangalie kimebaki nini mikononi mwake: anakunja nini, anahesabu nini, anasahau nini. Mwigizaji wako atahitaji ukurasa huo hata kama hautasomwa na mwingine.

Ukishaonyesha kazi yako, sikiliza kicheko kinatokea wapi. Kikitokea kabla mtazamaji hajapewa sababu ya kujua, kosa ni la mswada, na ni la kurekebishwa kwa kuhamisha habari, si kwa kuongeza maneno. Kikitokea baada ya hapo, pale ambapo wewe mwenyewe unashikwa na koo, usifute kitu. Ionyeshe kwa watu wengine, katika chumba kingine, ndipo uamue. Rasimu ya pili ikiwa tayari, nitumie tukio la vipimo na tukio la kuagana. Hayo mawili yatanitosha kukuambia kama muuguzi wako amejizuia au bado hujamjua.